Thamani Kamili ya Namba: Somo katika Lugha ya Prolog

Kila mwanafunzi aliyekwisha kusoma namba hasi anajua thamani kamili ni kitu gani, hata kama jina lenyewe limemtoka. Ni umbali wa namba kutoka sifuri, bila kujali iko upande gani. Namba 5 iko hatua tano kulia kwa sifuri, na -5 iko hatua tano kushoto kwake. Kwa hiyo thamani kamili ya zote mbili ni 5. Katika daftari zetu huandikwa kwa vijiti viwili vilivyosimama, |5| na |-5|. Umbali hauwezi kuwa chini ya sifuri. Hakuna mtu asemaye kwamba kijiji chao kiko kilomita tatu kasoro sifuri kutoka hapa.

Jambo hili ni jepesi, na msomaji aweza kuuliza kwa nini lipewe kurasa katika gazeti letu la muhula. Sababu ni kwamba nataka tuifundishe kompyuta jambo hilo, na tuifundishe kwa lugha iitwayo Prolog. Katika lugha hiyo somo hili dogo lina mtego, na mtego wenyewe si wa kuchekesha: unaweza kuifanya kompyuta imkatalie mwanafunzi aliyepata na kumkubalia aliyekosa. Tutaufikia hatua kwa hatua. Asiye na kompyuta ashike penseli na karatasi, kwa maana kila kitakachofanywa na mashine hapa chini chaweza kufanywa kwa mkono.

Kwanza maneno machache juu ya lugha hiyo. Prolog ilianzishwa mwaka 1972 katika mji wa Marseille, Ufaransa, na Alain Colmerauer pamoja na Philippe Roussel. Mtaalamu mwingine, Robert Kowalski, ambaye wakati huo alikuwa Edinburgh huko Scotland, ndiye aliyeonyesha jinsi sentensi za mantiki zinavyoweza kusomwa pia kama maagizo ya kazi. Jina Prolog limekatwa kutoka maneno ya Kifaransa yenye maana ya kutunga programu kwa mantiki. Colmerauer na wenzake hawakuwa wakitafuta chombo cha kupigia hesabu. Walitaka mashine iweze kuzielewa sentensi za Kifaransa na kujibu maswali juu yake. Ndiyo maana mpaka leo Prolog hujibu maswali vizuri, lakini hesabu huipiga kwa kuagizwa tu, kama mtoto anayejua kuosha vyombo ila hanyanyuki mpaka aitwe kwa jina.

Lugha nyingi za kompyuta ni lugha za amri: fanya hili, kisha fanya lile. Katika Prolog unaandika mambo yaliyo kweli, kisha unauliza, nayo inatafuta jibu katika hayo uliyoandika. Tazama mfano huu:

mji_mkuu(tanzania, dodoma).
mji_mkuu(kenya, nairobi).
mji_mkuu(uganda, kampala).

Kila sentensi huisha kwa nukta. Majina ya vitu huanza kwa herufi ndogo. Neno linaloanza kwa herufi kubwa ni kigeu, yaani jina la kitu ambacho bado hatujakijua. Sasa tuulize:

?- mji_mkuu(kenya, M).
M = nairobi.

Twaweza pia kuuliza kwa kugeuza:

?- mji_mkuu(N, kampala).
N = uganda.

Na twaweza kuuliza bila kigeu chochote, kwa kutaka kuhakikisha tu:

?- mji_mkuu(kenya, kampala).
false.

Neno false ni jibu la "si kweli", na true ni jibu la "kweli". Msomaji ashike sana jambo hili, kwa kuwa somo zima limejengwa juu yake: sentensi moja ya Prolog huulizwa kwa njia nyingi. Huulizwa kwa kutafuta, huulizwa kwa kugeuza, na huulizwa kwa kuhakikisha. Mwandishi mzembe hufikiria njia ya kwanza peke yake.

Haya, twende kwenye thamani kamili. Hesabu zatufundisha kwamba kama namba ni sifuri au zaidi, thamani yake kamili ni namba ile ile. Na kama ni chini ya sifuri, tunaigeuza alama. Kwa Prolog husemwa hivi:

thamani(X, X) :- X >= 0.
thamani(X, Y) :- X < 0, Y is -X.

Alama :- husomwa "ikiwa", na mkato husomwa "na". Basi kanuni ya kwanza yasema: thamani kamili ya X ni X yenyewe, ikiwa X ni sifuri au zaidi. Ya pili yasema: thamani kamili ya X ni Y, ikiwa X ni chini ya sifuri na Y ni hesabu ya X iliyogeuzwa alama.

Neno dogo is ndilo lile la kumwita mtoto kwa jina. Bila neno hilo Prolog haipigi hesabu. Wako wanaoandika Y = -X wakidhani ni yale yale. Wakiuliza thamani kamili ya -5 hujibiwa Y = - -5, yaani alama mbili za kutoa zimewekwa mbele ya tano, na kazi yote ya kuzifuta ameachiwa muulizaji. Alama = katika Prolog huviweka vitu viwili sambamba na kutazama kama vinaweza kufanana; hesabu haimo.

Tuulize:

?- thamani(-5, Y).
Y = 5.

?- thamani(5, Y).
Y = 5 ;
false.

Katika swali la pili, baada ya jibu 5 mashine hukaa ikisubiri. Ukibonyeza nukta-mkato unaiambia "je, kuna jibu jingine?" Nayo hurudi nyuma, hujaribu kanuni ya pili, huona kwamba 5 si chini ya sifuri, husema false: hakuna tena. Tabia hii ya kurudi nyuma ndiyo nguvu ya Prolog. Huzipitia kanuni kutoka juu kwenda chini, na kila inapokwama au inapoombwa jibu jingine, hurudi mahali palipokuwa na njia mbili na kushika ile ambayo haijapitiwa. Ndivyo afanyavyo mtu anayetafuta nyumba ya mwenyeji wake katika mtaa asioujua.

Sasa ndipo panapoingia werevu usio na kazi. Mwanafunzi hutazama kanuni zile mbili akasema: "Kanuni ya kwanza imekwisha kuchukua namba zote za sifuri na zaidi. Zilizobaki ni hasi tu. Kwa nini basi niandike tena X < 0?" Analifuta sharti lile:

thamani(X, X) :- X >= 0.
thamani(X, Y) :- Y is -X.

Katika lugha za amri, akili hiyo ingekuwa sawa, kwa sababu huko ukisema "kama ni hivi fanya hili, la sivyo fanya lile," njia ya pili hufungwa ya kwanza ikishikwa. Lakini hapa kila kanuni ni neno la kweli linalosimama peke yake. Isome kanuni ya pili kwa sauti, peke yake: "Thamani kamili ya X ni X iliyogeuzwa alama." Je, ni kweli? Kwa -5 ni kweli. Kwa 5 ni uongo. Tumeiandikia mashine uongo, nayo haina njia ya kuujua:

?- thamani(5, Y).
Y = 5 ;
Y = -5.

Kanuni ya mwandishi wa Prolog ndiyo hiyo: funika sentensi nyingine zote kwa kiganja, usome moja, ujiulize kama ni kweli ikiwa peke yake. Ikihitaji jirani yake ili iwe kweli, si salama.

Wengine hawalifuti sharti, ila huandika X =< 0 badala ya X < 0. Hao hawasemi uongo, lakini sifuri huingia katika kanuni zote mbili, na mashine hujibu Y = 0 mara mbili. Ni kosa dogo mpaka siku utakapoiambia ihesabu majibu. Na nitaje hapa kwamba Prolog huandika =< pale ambapo lugha nyingine nyingi huandika <=.

Turudi kwa mwanafunzi wetu. Ameliona jibu la -5 likichungulia, naye amesikia kwamba Prolog ina alama ya mshangao, !, ambayo hapa nitaiita kizuizi. Mashine ikikivuka kizuizi hairuhusiwi tena kurudi nyuma kujaribu kanuni nyingine za jina lile. Anakipachika:

thamani(X, X) :- X >= 0, !.
thamani(X, Y) :- Y is -X.

Anauliza thamani kamili ya 5, anapata 5, na mashine haisubiri tena. Anauliza ya -5, anapata 5. Anauliza ya sifuri, anapata sifuri mara moja. Anafurahi, na hapana shaka wengi wangefurahi pamoja naye, kwa maana hata ile false ya mwisho iliyokuwa ikiudhi macho imeondoka. Lakini amejaribu njia moja tu ya kuuliza. Tumuulizie kwa njia ya kuhakikisha:

?- thamani(5, -5).
true.

Mashine imesema ni kweli kwamba thamani kamili ya tano ni kasoro tano! Chukua penseli ufuate ilivyokwenda. Kanuni ya kwanza inataka vitu viwili vilivyo ndani ya mabano vifanane, kwa sababu imeandikwa thamani(X, X). Hapa tumeleta 5 na -5, navyo havifanani. Kwa hiyo kanuni hiyo imekataliwa mlangoni, kabla mashine haijafika kwenye X >= 0, na kabla haijafika kwenye kizuizi. Kizuizi kisichofikiwa hakizuii. Mashine ikashuka kwenye kanuni ya pili, ile ya uongo, ikapiga hesabu: 5 kugeuzwa alama ni -5, ikalinganisha na -5 tuliyoileta, vikafanana, ikajibu true.

Labda msomaji atasema hakuna mtu atakayeuliza swali la namna hiyo. Basi tuseme Chama cha Hesabu cha shule kimeombwa kusahihisha mazoezi ya Kidato cha Kwanza kwa kompyuta. Swali la zoezi ni hili: kilele cha Kilimanjaro kina mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Mlima Kenya kina mita 5,199; tafuta thamani kamili ya tofauti yao. Jibu ni 696. Mwanafunzi mmoja ameandika 696. Mwingine, aliyechanganyikiwa na alama, ameandika -696. Kusahihisha ni kuhakikisha, kwa hiyo msahihishaji anaiuliza mashine yenye zile kanuni za kizuizi:

?- thamani(5895-5199, 696).
false.

?- thamani(5895-5199, -696).
true.

Aliyepata amepewa alama ya kosa, na aliyekosa amepewa vema. Hili halikutokea kwa bahati mbaya ya umeme wala kwa ubovu wa kompyuta. Mashine imetii kila herufi iliyoandikwa.

Hilo la pili, la uongo kukubaliwa, tumekwisha kulieleza. Hili la kweli kukataliwa lina sababu yake mbali, na hata kanuni zetu za kwanza kabisa, zile nilizozisifu, zina ila hiyo. Zijaribu:

?- thamani(5199-5895, Y).
Y = 696.

?- thamani(5895-5199, Y).
Y = 5895-5199 ;
false.

Unapotanguliza Mlima Kenya unapata 696. Unapotanguliza Kilimanjaro unarudishiwa swali lako. Kumbuka mtoto wa vyombo. Katika kanuni ya pili mna is, kwa hiyo hesabu hupigwa. Katika ya kwanza tumesema X na X, yaani kitu kile kile kirudishwe kama kilivyokuja. Alama >= hupiga hesabu kwa ajili ya kulinganisha tu, kisha huisahau. Kitu kilichokuja kilikuwa maandishi 5895-5199, na hicho ndicho kilichorudi. Kwa mashine, maandishi hayo na namba 696 ni vitu viwili mbalimbali, kama vile "nusu ya kumi" na "tano" zilivyo maneno mbalimbali ingawa kiasi ni kimoja.

Dawa ya maradhi yote mawili ni moja. Piga hesabu kwanza, amua njia, kisha ndipo ulinganishe na jibu:

thamani(X, Y) :-
    N is X,
    ( N >= 0 -> Y = N
    ; Y is -N ).

Mshale -> na nukta-mkato pamoja husomwa "kama ni hivyo, basi hili; la sivyo, lile." Tazama kwamba Y haiguswi mpaka njia imekwisha kuchaguliwa. Hilo ndilo jambo la kushika. Katika kanuni za kizuizi, jibu lililoletwa na muulizaji liliruhusiwa kuchagua njia, wakati mwenye haki ya kuchagua ni namba inayoulizwa peke yake. Richard O'Keefe, katika kitabu chake The Craft of Prolog cha mwaka 1990, aliwahimiza waandishi waandike kanuni ambazo hazitikiswi na jibu linaloletwa kutoka nje. Sasa jaribu tena Kilimanjaro: 696 hujibiwa true, na -696 hujibiwa false, mlima wowote utangulie.

Anayependa kizuizi anaweza kukitumia bila dhambi, mradi Y iwekwe baada yake:

thamani(X, Y) :- N is X, N >= 0, !, Y = N.
thamani(X, Y) :- Y is -X.

Mimi napendelea ule mshale, kwa kuwa katika hizi za kizuizi kanuni ya pili bado husomeka kama uongo ukifunika jirani yake, na mtu mwingine akija kuzihamisha mistari juu chini ataamsha yale yale.

Mwenye haraka ataniambia kwamba Prolog imekwisha kuwa na thamani kamili ndani yake, nami sikatai. Ukiandika Y is abs(X) unapata jibu, na jambo hilo limo katika kanuni za kimataifa za lugha hiyo zilizotolewa mwaka 1995. Katika kazi za kila siku tumia hiyo. Lakini anayeitumia bila kuyajua haya atanaswa na kanuni ya kwanza atakayojitungia mwenyewe.

Limebaki swali la kugeuza. Ukiuliza thamani(X, 5), yaani "ni namba gani ambayo thamani yake kamili ni 5?", kanuni zetu zilizorekebishwa, na abs pia, hugoma. Mashine hulalamika kwamba haikupewa vya kutosha, kwa sababu is haiwezi kupiga hesabu ya kigeu kisichojulikana. Hapa hatuna la kurekebisha katika kanuni; twahitaji chombo kingine. Katika SWI-Prolog, ambayo Jan Wielemaker alianza kuitengeneza Amsterdam mwaka 1987 na ambayo hupatikana bure, kuna maktaba ya namba nzima iitwayo clpfd. Iite kwanza, kisha uulize kwa alama #= badala ya is:

?- use_module(library(clpfd)).

?- 5 #= abs(X).
X in -5\/5.

Maana yake ni kwamba X iko katika -5 au 5, wala si penginepo. Ukitaka zitajwe moja moja, ongeza label:

?- 5 #= abs(X), label([X]).
X = -5 ;
X = 5.

Hapa tumepata majibu mawili, na safari hii yote ni ya kweli. Ukiuliza -5 #= abs(X) hujibiwa false, kwa kuwa hakuna umbali wa namna hiyo. Hata yale mafumbo ya |x - 2| = 3 yanayowasumbua watu katika mtihani hufunguka:

?- 3 #= abs(X-2), label([X]).
X = -1 ;
X = 5.

Chora mstari wa namba, weka kidole kwenye 2, uhesabu hatua tatu kila upande, utaona mashine haikudanganya.

Zoezi kwa wasomaji. Mtu ameandika kanuni za kutafuta namba iliyo kubwa kati ya mbili:

kubwa(A, B, A) :- A >= B, !.
kubwa(_, B, B).

Alama _ ni kigeu ambacho hatuna haja na jina lake. Kanuni hizi hujibu vizuri kila unapouliza kwa kutafuta. Tunga swali moja la kuhakikisha ambalo zitalijibu true pasipo haki, ueleze kwa penseli njia iliyopitiwa, kisha uziandike upya zisiweze kudanganywa. Majibu yawekwe katika sanduku la Chama cha Hesabu kabla ya muhula kufungwa.